Umeme wa Boti Ulikufa Kila Nilipopanda Mimi

Umeme wa boti yetu ulikuwa unanikataa.

Sisemi kwa mafumbo. Nikipanda, taa ya betri inawaka nyekundu, friji inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu inanyamaza kabisa. Nisipopanda, mambo shwari.

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili tukacheka kwa adabu. Ilipotokea tena, mwanangu akanitazama kwa jicho ambalo mama hapendi kutazamwa nalo na mtu aliyembeba mgongoni.

Ngoja niwaeleze taratibu. Nimeambiwa watu wa humu mtandaoni hawana subira. Mimi ninayo nyingi, nitawaazima.

Mume wangu ni nahodha. Usifikirie meli. Ni boti ya mbao ya abiria, ina paa la turubai na injini ya dizeli iliyofunikwa kwa mbao katikati. Inaondoka gati letu asubuhi, inagusa vituo vya kandokando ya ziwa, inafika ng'ambo jua likiwa limeshakasirika.

Ng'ambo ndiko anakoishi mdogo wangu. Miguu yake imegoma kutembea. Kila siku ya soko naenda kumwogesha, kumsuka, na kumsikiliza akimsema jirani yake. Jirani huyo ndiye anayemchotea maji siku ambazo mimi sipo, lakini mdogo wangu kusema watu ndiyo dawa yake, namwachia ainywe.

Na nikienda, nina kiti changu. Ni kibao kidogo kando ya usukani, mkono wa kushoto wa mume wangu, Mzee. Alikipigilia misumari yeye mwenyewe, akakiwekea mto.

Kiti hicho ndicho nilichokaribia kunyang'anywa.

Cheka ukitaka. Lakini nyumba yetu ina watoto, wajukuu, wageni, na wageni wa wageni. Mimi na Mzee tukitaka kusema maneno mawili, la kwanza linakatwa na hodi, la pili linasahaulika. Kwenye kibao kile nilikuwa nampata mume wangu asubuhi nzima. Mimi naongea, yeye anaendesha. Ndoa yetu ilikuwa imehamia hapo.

Sasa njoo kwa mwanangu, kitindamimba. Sisi tunamwita Mipango, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuamka bila mpango. Ndiye msimamizi wa boti.

Siku moja alikuja na mpango wa umeme.

"Baba, siku hizi watu hawapandi boti. Wanapanda chaji."

"Wanapanda nini?"

"Chaji ya simu. Boti yenye pa kuchajia inajaa, isiyo na pa kuchajia inabeba mbuzi."

Mzee akamwambia mbuzi hajawahi kumlalamikia.

Mipango hakukata tamaa. Alitaka soketi za simu chini ya mabenchi. Alitaka taa, spika, honi yenye heshima, na pampu ya umeme ya kutoa maji chini ya boti, ili tuache kuyakomba kwa kopo. Na juu ya yote alitaka friji ndogo, maana zahanati ya ng'ambo ilikuwa inatafuta boti ya kuwapelekea chanjo za watoto zikiwa baridi.

Mzee aliposikia habari ya chanjo aliacha kubisha. Hao watoto wa ng'ambo ndio aliowavusha mama zao wakiwa wajawazito.

"Na injini je," akauliza, "utaiacha hapa, au nayo unaipeleka shule?"

Hapo ndipo alipoitwa fundi umeme.

Huyu kijana tunamwita Mluzi. Akifikiri anapiga mluzi. Akiacha kupiga mluzi, ujue kuna jambo.

Akafunua mbao, akaingiza kichwa kwenye injini, akatoka na pua nyeusi.

"Mna betri moja," akasema, "na altaneta ya zamani sana."

Nikamuuliza altaneta ni nini. Wengine wangesema, aa, Bibi, ni mambo ya ufundi. Yeye alichuchumaa akanionyesha kidude cha duara kilichofungwa ubavuni mwa injini, mkanda ukikizungusha.

"Bibi, betri ni mtungi. Altaneta ndiyo inayoteka maji ya kujaza mtungi. Sasa Mipango anataka kuongeza wanywaji, friji, taa, pampu, simu za watu. Lakini mtekaji ni yuleyule mzee aliyechoka."

Mume wangu alitazama upande mwingine alipotajwa mzee aliyechoka.

Basi ikanunuliwa altaneta kubwa. Ikaongezwa betri ya pili, moja ya kuwashia injini tu, nyingine ya vikorokoro vya Mipango, ili simu za abiria zisije zikatuacha katikati ya maji na injini imelala. Mluzi akang'oa nyaya nyembamba zote akatandaza nene.

"Waya mwembamba kwenye mzigo mkubwa ni moto unaosubiri zamu yake," akasema.

Kila kitu kikapata fyuzi yake. Na karibu na usukani akafunga mita yenye mshale. Mshale ukisimama, umeme unaingia. Mshale ukilala, umeme unaotoka ni mwingi kuliko unaoingia.

Siku za mwanzo mshale ulisimama kama askari wa gwaride.

Halafu ikafika siku ya soko, nikapanda mimi.

Kabla hatujafika hata nusu ya njia, mshale ukalala. Taa nyekundu ikawaka. Friji ikalia, ikanyamaza.

Mzee akaigonga mita kwa kidole. Mimi nikaipigia goti kidogo friji, kama mtu anavyombembeleza mtoto. Wapi.

Mluzi akaitwa. Akapima, akawasha injini gatini, akaikanyagia moto. Mshale ukasimama wima.

"Mbona nzima?"

Kesho yake nzima. Keshokutwa nzima. Siku ya soko nikapanda, ikafa.

Mipango akasema ni uzito, siku za soko boti hujaa. Ikawa hivyo, tukakubali. Lakini siku ya soko iliyofuata nilikuwa na mafua, nikabaki nyumbani. Boti ilijaa mpaka watu wakapakata mizigo ya wenzao. Mshale haukutikisika.

Mafua yakaisha, nikapanda. Ikafa.

Hapo ndipo abiria wakaanza.

Kuna mama mmoja anauza mabeseni ya plastiki, anayapanga mnara mrefu kuliko yeye. Ni mtu mwema sana, lakini mdomo wake hauna breki.

"Bibi, kwani umemeza sumaku?"

"Nimemeza uji tu, mwanangu."

"Basi uji huo una chuma. Hebu toa vitu mfukoni."

Wakanikagua kwa ruhusa yangu. Kitana, mafuta ya kumkanda mdogo wangu, chupa ya chai, kiredio changu kidogo. Mipango akakitilia shaka kiredio. Nikakiacha nyumbani. Umeme ukafa. Wakasema bangili. Nikavua bangili zangu zote, nikasafiri mkono mtupu kama mtu aliyeibiwa. Umeme ukafa.

"Basi ni wewe mwenyewe," akasema mama wa mabeseni. "Pole, Bibi. Utafanyaje, umeumbwa hivyo."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini tulipofika ng'ambo kicheko kikaisha.

Muuguzi wa zahanati alifungua friji, akatazama kipimajoto, akashika chupa ndogo kwenye kiganja. Nyuma yake, kwenye benchi, akina mama walikuwa wamekaa na watoto wao mapajani.

Hakutugombeza. Ningependa angetugombeza.

"Zimepata joto," akasema. "Siwezi kumchoma mtoto chanjo iliyopata joto."

Kisha akageuka akawaambia wale mama warudi nyumbani, kila mmoja kwa upole, akimshika mtoto kichwani. Mmoja alikuwa ametembea kutoka mbali, viatu vyake vimejaa vumbi. Muuguzi akamletea maji ya kunywa, na mimi akaniletea.

Halafu akamwambia Mipango, "Kaka yangu, ikitokea tena nitatafuta boti nyingine. Nitafanyaje?"

Jioni yake Mipango alikuja jikoni, akachukua kisu, akakaa akaanza kumenya vitunguu.

Mwanangu huyu hajawahi kumenya kitunguu bila sababu.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

"Kwa muda tu. Boti ya jirani nayo inakwenda ng'ambo. Ina paa la bati."

"Nimeliona."

"Siyo kwamba naamini mambo ya mikosi."

"Najua."

"Ila hao watoto..."

"Sawa, mwanangu. Lete hivyo vitunguu."

Nikavikata mwenyewe. Machozi yakapata kisingizio.

Nilingoja Mzee aseme neno. Akala, akalala. Asubuhi nilimwona amekuja na ule mto wa kibao changu chini ya kwapa, akauanika kwenye kamba. Nikajua hata yeye ameshaamini. Hiyo iliniuma kuliko friji na sumaku na bangili zote.

Nikakaa nikafikiri. Nimezaa, nimelea, nimezika. Sasa uzeeni nimekuwa mtu wa kuua betri?

Nikajifunga mtandio, nikaenda kibandani kwa Mluzi.

Alikuwa anachomelea nyaya. Aliponiona akafuta kigoda kwa shati lake mwenyewe, akanikaribisha.

"Mwanangu, nijibu kweli. Mtu anaweza kuua betri kwa kukaa karibu nayo?"

Nilijua atacheka. Hakucheka. Akapiga mluzi kidogo.

"Bibi, mimi siamini nuksi. Mimi naamini swichi. Kama umeme unakufa ukiwepo, basi kuna kitu kinawashwa ukiwepo."

"Kitu gani?"

"Sijui. Labda Nahodha anakuwashia feni. Labda anakuchemshia maji. Mwanamume akimpenda mkewe anaweza kufunga kitu chochote kwenye waya wangu bila kuniambia."

"Haniwashii chochote. Ananiendesha tu."

"Basi nataka nione kwa macho. Siku ya soko panda boti yenu, lakini Nahodha asijue kama umo. Nitasimama karibu na swichi zake. Nikikupa ishara, jitokeze. Tuone anagusa nini."

Sijawahi kumficha mume wangu kitu kikubwa kuliko sukari. Lakini nikakubali.

Wiki hiyo muuguzi alikuwa ameagiza chanjo zake ziletwe na boti ya jirani, kwa hiyo friji yetu ilibeba chupa za maji tu. Nikamwambia Mzee nakwenda kupanda boti ya jirani. Akaitikia "mhm." Nikatangulia gatini, na badala ya kwenda kulia nikaenda kushoto, nikaingia boti yetu kabla hajafika.

Mipango alikuwa amejulishwa. Mama wa mabeseni alijulishwa kwa sababu alikuwa na kitu cha kunificha, na akishajulishwa yeye boti nzima imejulishwa. Akanikalisha chini nyuma kabisa, akanijengea ukuta wa mabeseni.

"Bibi, usipige chafya. Huu mnara ukianguka tutalaza watu hospitali."

"Nyamaza, anakuja."

Nilimwona kwenye upenyo kati ya beseni la bluu na la kijani. Mzee wangu, kofia yake imekaa upande. Aliingia, akasalimia abiria, akashika usukani. Akatazama kile kibao kitupu.

"Mama yako kashapanda kule?"

"Kashapanda, Baba," akasema Mipango, akiangalia kucha zake.

Mzee aliitazama boti ya jirani kitambo. Halafu akasukuma mkono wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo.

Jamani.

Boti ile iliruka. Maji yalipasuka pande zote, turubai likapiga makofi, mtandio wangu ukataka kubaki gatini. Meno yangu yaligongana, na sina mengi ya kugonganisha. Nimeolewa na nahodha maisha yangu yote na nilikuwa nimeshasahau kama boti yetu ina mbio. Nikajiuliza, huyu ni mume wangu au mtu anayefukuzwa?

"Mbona hivi?" nikamnong'oneza mama wa mabeseni.

"Ndiyo mwendo wetu wa kila siku, Bibi." Kisha akakunja uso. "Ila leo ni siku ya soko. Siku ya soko, wewe ukiwemo, huwa tunakwenda kama tunasindikiza bi harusi. Nikadhani ni mizigo. Mizigo si hii hapa?"

Akanitazama. Nikamtazama. Mimi ningejuaje? Sijawahi kusafiri kwenye boti ile nikiwa sipo.

Mshale ulikuwa umesimama wima. Friji ilikuwa inakoroma kwa raha. Mluzi, aliyesimama karibu na swichi kama mtu anayeangalia mandhari, akavua kofia.

Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Nikainuka. Nikapangusa gauni, nikaweka mtandio sawa, nikaita kwa sauti niliyobaki nayo.

"Baba watoto, habari za asubuhi?"

Mipango akamgusa bega, akageuka.

Kwanza nikaona uso wake ukifunguka, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Na wakati macho yake yananitazama mimi, mkono wake wa kulia, peke yake, bila kuulizwa, ukavuta mkono wa mafuta nyuma.

Injini iliyokuwa inapiga kelele ikaanza kunong'ona. Boti ikatulia. Mshale ukainama, ukalala. Friji ikalia.

Mluzi akaacha kupiga mluzi.

"Baba," Mipango akasema, "umepunguza mwendo."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi sijapunguza."

"Baba, tazama mkono wako."

Mzee akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa naye.

"Nahodha," akasema Mluzi, "hebu rudisha mwendo wa mwanzo." Mzee akasukuma. Mshale ukapanda. "Bibi, inama kidogo." Nikainama nyuma ya mabeseni. Tukaenda vizuri, friji inakoroma. "Bibi, inuka."

Nikainuka. Mkono ukarudi nyuma. Mshale ukalala.

Boti nzima ikacheka mpaka mabenchi yakalia. Mama wa mabeseni alikaa chini akashika mbavu.

"Inuka tena, Bibi. Nakuomba. Mara moja tu."

Mluzi ndiye aliyetueleza, kwa sauti ya kawaida, kama hakuona kitu cha ajabu. Altaneta ile kubwa inataka kuzungushwa haraka ndipo iteke. Injini ikienda mwendo wa kusindikiza, inazunguka tu bila kuteka cha maana, na friji inaendelea kunywa. Zamani hatukugundua kwa sababu hapakuwa na wanywaji.

"Basi dawa ni rahisi," Mipango akasema. "Baba, Mama akipanda usipunguze."

Wote tukamtazama Mzee. Mimi nilijua atakubali, maana ni mtu wa kukubali. Mwanawe akisema spika, spika. Akisema honi, honi.

"Hapana," akasema.

Mipango akamsogelea.

"Baba, chanjo za watoto."

"Nimesikia. Chanjo zifike baridi. Na huyu akae hapa." Akaonyesha kibao. "Na mimi niende hivi ninavyokwenda naye. Fundi, hakuna njia?"

Mluzi akapiga mluzi mrefu. Akapiga magoti, akafunua mbao, akatazama mkanda. Mluzi ukageuka ukawa wimbo.

"Ipo," akasema. "Tubadilishe puli. Hili gurudumu dogo la altaneta, tufunge dogo zaidi. Mtoto mwenye miguu mifupi akitembea na baba yake, si ndiye anayepiga hatua nyingi? Puli ndogo itaizungusha altaneta mara nyingi hata injini ikiwa taratibu. Ila siku ambazo Bibi hayupo usiipige mbio kama za leo. Itazidiwa."

"Hata mimi nimezidiwa," nikasema.

Nikaenda kukaa kwenye kibao changu. Hakikuwa na mto, mto ulikuwa nyumbani kwenye kamba. Mama wa mabeseni akakunja gunia lake akaniwekea, bila neno.

Nilidhani nimeshaelewa kila kitu. Nilipoolewa nilikuwa natapika kila nikipanda boti. Nikasema, mume wangu bado ananihurumia.

"Baba watoto, kichefuchefu kiliniisha kabla Mipango hajazaliwa."

"Najua," akasema.

Sikumchimba mbele za watu.

Tulipofika ng'ambo abiria wakashuka wakiniaga kwa kunipungia mikono ya kuvuta mafuta nyuma. Watovu wa adabu. Tukabaki mimi na yeye, anafunga kamba.

"Masikio yangu yanaondoka," akasema, akiiambia kamba.

Nikasogea karibu.

"Injini ikipiga kelele naona midomo yako inacheza tu. Naitikia mhm. Siku moja uliongea sana, nikaona mabega yako yanatikisika. Nikadhani unanichekesha. Nikacheka. Kumbe ulikuwa unalia."

Nilikumbuka palepale. Ilikuwa siku niliyomwambia kuwa mdogo wangu hatatembea tena. Alicheka. Nilimnunia muda mrefu, sikumwambia kwa nini, na yeye hakuuliza. Nilidhani moyo wake umekuwa mgumu.

"Tangu siku hiyo," akasema, "ukikaa pale napunguza. Nikipunguza nakusikia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nahodha asiyesikia, Mipango angemwacha kwenye usukani?"

"Na mto? Kwa nini ulileta mto nyumbani?"

Akanishangaa. "Ulikuwa umeloa. Nilitaka ukirudi uukute mkavu."

Nikaenda kumwogesha mdogo wangu siku hiyo nikicheka na kulia kwa zamu. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Siku hiyo akasahau kumsema jirani.

Tulimwambia Mipango. Mzee alitaka niseme mimi, nikasema nitakaa karibu lakini mdomo utakuwa wake. Akasema. Mipango alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mpango. Kesho yake akawa nao. Alimpeleka baba yake hospitali. Wakatoa nta ya kutosha kutengeneza mshumaa, lakini bado hakusikia vizuri. Daktari akampa vifaa vidogo vya kusaidia masikio, vinavyochajiwa kama simu, akamwambia nahodha anayevivaa anaweza kuendelea na kazi.

Mnajua vinachajiwa wapi? Kwenye boti. Mluzi alimwekea soketi yake peke yake kando ya usukani, na fyuzi yake. Siku ya kwanza kuvivaa alinisikiliza mimi nikiongea kutoka gati letu mpaka ng'ambo.

"Kumbe hii hadithi unairudia," akasema.

"Nimeirudia miaka yote. Wewe ndiye mgeni."

Puli ndogo ilifungwa. Muuguzi alishika chupa kwenye kiganja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaita mtoto wa kwanza aliyekuwa kwenye benchi. Mtoto alilia kwa hasira. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtoto wa watu analia.

Sasa Mzee anasikia hata injini ikipiga kelele. Hana sababu ya kupunguza.

Bado anapunguza.

Nilimuuliza juzi. Akasema mkono umeshazoea, hauwezi kufundishwa upya uzeeni.

Nami nawaachia hili, wanangu na wajukuu zangu. Mtu akikuendea taratibu, usiharakishe kumwita mzembe, wala usijiite mkosi. Muulize anasubiri kusikia nini. Na kama hapo nyumbani kwako yupo anayekuitikia "mhm" kwa kila kitu, usimnunie kama nilivyonuna mimi. Sogea karibu, zima hiyo redio, umwambie tena, ukiwa umemtazama usoni.